Ndege Katika Sanduku: Historia ya Biashara ya Kuuza Vipande

Juma lililopita tulizungumza juu ya duka la rejareja na namna ya kuandika hesabu zake. Leo twageukia biashara ya namna nyingine, ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza huidhania kichekesho: biashara ya kumwuzia mtu kitu ambacho bado hakijakwisha kutengenezwa.

Si kichekesho hata kidogo. Nenda kwenye duka la baiskeli, usimame mlangoni siku mzigo unapofika. Utaona maboksi, hutaona baiskeli. Ndani yake fremu iko mbali, magurudumu mbali, usukani na pedeli zimefungwa kwa karatasi. Fundi wa duka ndiye anayeviunga. Sababu ni mbili. Kwanza, baiskeli iliyofunguliwa huchukua nafasi ndogo safarini, na nafasi ni fedha. Pili, kazi ya kuunga imeachwa ifanyike huku, si kiwandani kule.

Basi liweke neno hili moyoni: kila kitu kinachouzwa kina kazi ndani yake, na kazi hiyo yaweza kugawanywa. Swali ni moja tu. Mwuzaji afanye kazi ipi, na mnunuzi aachiwe ipi? Leo tutalifuata swali hilo katika historia ya chombo kipya, yaani ile ndege ndogo ya mapanga manne isiyo na rubani, ambayo wengi huiita droni. Lakini chombo ni kipya, biashara ni ya zamani. Kwa hiyo sharti tuanze na babu yake.

Bwana Heath na eropleni yake

Katika miaka ya 1920 alikuwako Chicago, Marekani, mtu aliyeitwa Edward Heath. Alikuwa na karakana ya eropleni. Eropleni siku zile zilikuwa za matajiri na za serikali. Bwana Heath akabuni ndogo, yenye bawa moja lililokaa juu ya kichwa cha rubani kama mwavuli, akaiita Parasol. Mtu wa kipato cha kadiri aliweza kununua vipande vyake, akaunda eropleni nyumbani kwake mwenyewe. Mwaka 1931 Bwana Heath alikufa katika ajali akijaribu eropleni mpya.

Mwaka 1935 kampuni yake ilinunuliwa na Howard Anthony. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, jeshi la Marekani lilikuwa na shehena kubwa za vifaa vya umeme visivyohitajiwa tena, navyo vikauzwa kwa bei ya chini. Bwana Anthony akanunua. Mwaka 1947 akatoa sokoni seti ya vipande vya oskiloskopu, yaani kile chombo chenye kioo ambacho fundi wa redio hukitumia ili aone umbo la mkondo wa umeme. Bei ilikuwa dola 39 na senti 50. Oskiloskopu iliyokwisha kuundwa kiwandani ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko hiyo. Mafundi na wanafunzi wakainunua kwa wingi, na jina la Heathkit likajulikana katika nchi nyingi.

Sasa angalia vizuri. Je, Bwana Anthony aliuza nini hasa? Vipande vya jeshi mtu yeyote aliweza kuvipata. Alichouza yeye ni kitabu cha maelekezo. Kila hatua iliandikwa peke yake kwa maneno mepesi: chukua waya huu, uukate urefu huu, uulehemu hapa. Mbele ya kila hatua palikuwa na nafasi ya kutia alama ukiisha kuitimiza. Mtu asiyejua lolote juu ya umeme aliweza kuanza hatua ya kwanza na kufika ya mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa bidhaa yenyewe.

Biashara hiyo ilidumu muda mrefu baada ya Bwana Anthony mwenyewe kufa katika ajali ya ndege mwaka 1954. Lakini kadiri miaka ilivyopita, viwanda vilipata mashine za kuunga vipande vidogo vidogo kwa haraka kuliko mkono wa mtu. Redio iliyokwisha kuundwa ikawa rahisi kuliko redio ya vipande. Mnunuzi akajiuliza, Kwa nini nilipe zaidi halafu nifanye kazi mimi? Mwaka 1992 kampuni ikatangaza kwamba inaacha kuuza seti.

Kijana wa Riverside

Haya, sasa twende mwaka 2007, huko huko Marekani, katika jimbo la California. Kijana mmoja wa Kimeksiko, Jordi Muñoz, alikuwa anakaa mji wa Riverside akingoja kibali cha ukaazi. Kabla ya kukipata hakuruhusiwa kufanya kazi. Alikuwa na helikopta ya kuchezea, lakini ilimshinda kuirusha, kwani iliyumba sana. Basi akafungua kishikio cha mchezo wa Nintendo Wii, akatoa vihisi vilivyomo, yaani vile vipande vidogo vinavyotambua chombo kinapoinama, akavitia katika helikopta yake. Ikatulia.

Mwaka huo huo Chris Anderson, mhariri wa gazeti la Wired, alikuwa amefungua mahali pa kukutania, kwa njia ya intaneti, watu wanaopenda kuunda ndege za namna hii. Kijana akaonyesha kazi yake pale. Bwana Anderson hakumjua, hakuwahi kumwona, lakini alimpelekea dola 500 aendelee na majaribio. Mwaka 2009 wawili hao wakaanzisha kampuni, wakaiita 3D Robotics. Mhariri alileta fedha na maneno. Kijana alileta mikono. Vipande vya kwanza viliungwa kwa mkono nyumbani, na baadaye wakawa na viwanda San Diego na Tijuana, miji miwili iliyotenganishwa na mpaka wa Marekani na Meksiko.

Ndani ya sanduku

Yafaa tufungue sanduku tuone. Ndege ya mapanga manne ina fremu yenye mikono minne. Kwenye ncha ya kila mkono pana mota na panga. Mapanga mawili huzunguka kwa kufuata mshale wa saa, na mawili kinyume chake. Yakizunguka yote upande mmoja chombo chenyewe kitazunguka kama pia. Katikati mna kibao chenye kompyuta ndogo na vihisi. Kompyuta hiyo hupima mwinamo mara nyingi sana kwa kila sekunde, ikaamuru mota hii iongeze mbio na ile ipunguze. Chini yake mna betri ya lithiamu, yenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo, ambayo ikitobolewa au ikichajiwa vibaya huweza kuwaka moto.

Mwuzaji aweza kumpa mnunuzi vyote hivi vikiwa vipande vitupu. Aweza pia kuvipa nusu ya kazi: yeye mwenyewe analehemu waya za umeme, anatia programu katika kompyuta na kuijaribu, kisha anamwachia mnunuzi bisibisi, skrubu, mikono na mapanga. Wauzaji wengi wa seti wamepita njia hii ya pili. Sababu yake ni ya hesabu.

Tuseme, kwa mfano tu, kila seti yakupa faida ya shilingi 20,000. Ukiuza kumi, faida ni 200,000. Mnunuzi mmoja akageuza waya za betri, akaunguza kibao cha shilingi 90,000, akaja kudai. Wa pili naye akafanya vivyo hivyo. Ukiwalipa wote wawili, faida yako imebaki 20,000, yaani ya seti moja. Wawili wamekula kazi ya kumi. Kumbe ile robo saa ya kulehemu waya za betri wewe mwenyewe ndiyo inayoshika biashara nzima.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua seti ya namna hii kwa ajili ya darasa la watu wazima la jioni. Kijitabu chake kilikuwa ukurasa mmoja na picha tatu. Tukafunga mapanga mawili mahali pasipo pake. Chombo kikapinduka sakafuni kabla hakijafika kimo cha goti, panga moja likavunjika, na la akiba hatukupewa. Wanafunzi wakasema chombo ni kibovu. Chombo hakikuwa na kosa. Iliyokuwa mbovu ni karatasi. Hapo ndipo nilipomkumbuka Bwana Anthony na hatua zake zenye alama.

Njia panda

Sasa tufike penye shida. Kampuni ya 3D Robotics iliweka michoro na programu zake wazi ili kila mtu ajifunze na kuziboresha. Faida yake ilikuwa kubwa: mamia ya watu wajuzi walisaidia bila kulipwa. Hasara yake pia ilikuwako. Viwanda vya China viliiga vibao vile vile, vikaviuza kwa bei ya chini.

Na huko China, katika mji wa Shenzhen, palikuwa na kampuni nyingine, DJI, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Wang Tao. Nayo ilianza kwa wapenda mchezo, ikiuza vifaa vya kutuliza helikopta ndogo. Hata mwaka 2012 ilikuwa ikiuza fremu ya mapanga manne ya kujiungia. Lakini Januari 2013 ilitoa Phantom, droni iliyokaribia kukamilika: unaitoa katika boksi, unafunga mapanga, unachaji betri, unarusha. Watu ambao hawajashika chuma cha kulehemu maisha yao yote wakaingia dukani.

Hapo wale wawili wa California wakasimama penye njia panda. Walikuwa na wanunuzi wa aina moja, watu wanaotaka *kuunda*. Nje wakaliona kundi kubwa zaidi, watu wanaotaka *kuwa nacho*. Wakaamua kulifuata lile kubwa. Mwaka 2013 walitoa droni iliyokwisha kuundwa, Iris. Wakapata fedha za wawekezaji, karibu dola milioni 100. Mwaka 2015 wakatoa Solo, iliyoundwa katika kiwanda cha kukodi huko Shenzhen kwenyewe, mlangoni mwa mshindani wao. Kifaa cha kushika kamera isitikisike kikachelewa. DJI, yenye viwanda vyake yenyewe, ikaendelea kushusha bei. Solo zikajaa ghalani. Mwaka 2016 kampuni iliacha kuunda droni, ikageukia programu. Wafanyakazi wengi walikuwa wamekwisha kupoteza kazi.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Si hakika kwamba wangalipona kama wangalibaki na vipande vyao. Waliobaki Heathkit hawakupona. Lakini tofauti iko wazi. Aliyebaki na waundaji alipungukiwa polepole, kwa miaka mingi, akapata nafasi ya kujitayarisha. Aliyeondoka kwenda kushindana na kiwanda kikubwa kwa bei, katika kazi ambayo kiwanda kinaijua kuliko yeye, aliangushwa kwa miaka michache.

Tena liko jambo la kutia moyo. Ile programu iliyokuzwa na waundaji, iitwayo ArduPilot, haikufa na biashara ya droni za Solo. Hadi leo inarusha vyombo vya watu wengi. Na wako bado wauzaji wadogo wanaouza seti za droni za mashindano, kwa sababu ndege ya mashindano huanguka kila siku, na aliyeiunda mwenyewe ndiye awezaye kuitengeneza. Mtu huyo hanunui seti kwa kuwa ni rahisi. Anainunua kwa kuwa anataka kujua.

Tufunge somo

Basi, msomaji, kama wawaza kufanya biashara ndogo ya namna hii, iwe droni, iwe redio, iwe taa ya jua, historia imekuachia mambo manne. Kwanza, fanya mwenyewe kazi ile ambayo kosa lake ni ghali au la hatari, umwachie mnunuzi ile yenye furaha. Pili, andika kitabu cha maelekezo kwa Kiswahili safi, umpe mtu asiyejua kitu aunde mbele yako, na kila anapokwama urekebishe kitabu, usimrekebishe mtu. Tatu, weka akiba ya mapanga na skrubu, kwani mteja hurudi kwa vitu vidogo. Nne, umjue mnunuzi wako ni wa kuunda au wa kuwa nacho, wala usimwache wa kwanza kabla hujapima nguvu zako kwa wa pili.

Na kwa droni hasa liko la tano. Kenya na Tanzania zote zina kanuni juu ya vyombo hivi. Kaulize mamlaka ya usafiri wa anga kabla hujaagiza hata sanduku moja. Usingoje kuuliza mzigo ukiwa forodhani. Mtaji mdogo haustahimili kungoja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja kitu kimoja kinachouzwa mjini kwenu kikiwa hakijakwisha kutengenezwa. Nani anayekikamilisha, naye hulipwa na nani?

2. Kwa nini kitabu cha maelekezo kilikuwa na thamani kuliko vipande katika biashara ya Bwana Anthony?

3. Kama wewe ungalikuwa pamoja na Muñoz na Anderson mwaka 2013, ungalishauri nini? Toa sababu zako, na mwenzako azipinge.

Kwaherini, hadi juma lijalo.