Mdororo wa Uchumi wa Miaka ya 1980 na Wakulima wa Usambara

Mdororo ulioikumba Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa na vyanzo vingi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, bei ya kahawa ikaporomoka baada ya neema ya 1976–77, kisha vita vya Kagera vya 1978–79 vikameza akiba ya taifa. Milimani Lushoto, upande wa magharibi wa Usambara, uhaba ulionekana dukani: sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipatikana kwa mgao, na malori yalilala kwa kukosa matairi.

Serikali kwanza ilikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, hasa kushusha thamani ya shilingi. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha aliyetaka makubaliano na shirika hilo, alijiuzulu mwaka 1979. Mwanzoni mwa 1980 Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, aliwahoji mabalozi ni lini shirika hilo lilipewa kazi ya kuwa wizara ya fedha ya dunia. Ukafuata Mpango wa Kunusuru Uchumi wa 1981, na mwingine wa marekebisho mwaka 1982. Yote miwili iliwataka wananchi wafunge mkanda na kuzalisha zaidi.

Mwaka 1983 amri zilikazwa. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na sheria ya Nguvu Kazi ikamtaka kila mwenye uwezo athibitishe kazi yake. Wananchi wengi waliufurahia msako huo, maana walichoshwa na magendo. Wanasheria walipinga mahakama maalumu zilizowanyima washtakiwa mawakili na dhamana; mwaka uliofuata sheria iliyoziunda ilibadilishwa. Wachumi nao walieleza kwamba ulanguzi ulizaliwa na uhaba wenyewe.

Huko Usambara, athari ya bei zilizopangwa na serikali ilionekana shambani. Chai na kahawa zilinunuliwa na mamlaka za serikali kwa bei iliyopangwa. Kabichi, nyanya na viazi mviringo havikuwa na mamlaka yake, bei ikawa ya mapatano. Mkulima aliyemwagilia bonde lake kwa mfereji alibeba tenga la mboga hadi barabarani, likapakiwa kuelekea Mombo na Dar es Salaam. Zao lililoachwa huru ndilo lililomfikishia fedha mkononi.

Milima yenyewe ilikuwa imechoka kwa mmomonyoko. Kumbukumbu ya matuta ya lazima ya ukoloni, yaliyopingwa vikali na Washambaa miaka ya 1950, ilikuwa bado hai. Mradi wa hifadhi ya udongo ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani ulipendekeza njia nyingine: mistari ya majani ya malisho na miti kukata mteremko, na ng'ombe kufugwa zizini. Upande wa mashariki wa Usambara, uvunaji wa magogo kwa mitambo ulilaumiwa na wanabiolojia kwa kuharibu misitu yenye viumbe wasiopatikana kwingine. Ulisitishwa, na mwaka 1997 hifadhi ya Amani ikaanzishwa.

Kitaifa, bajeti ya 1984 ililegeza biashara, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mpango wa Kufufua Uchumi ulianza mwaka 1986. Dola ikapanda kutoka takriban shilingi 17 hadi 40. Maduka yalijaa. Lakini wakosoaji, Nyerere akiwa mstari wa mbele, walionya kwamba maskini wangebeba gharama, na hawakukosea. Ada za shule zilirudi, uchangiaji wa matibabu ukaanza mwaka 1993, na kufikia 1994 ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, pigo zito kwa mkulima wa viazi wa Lushoto. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na ruzuku ya mbolea ikarejeshwa mwaka 2003.