Insulini bila firigo: historia inayotuhusu sisi wahamaji

Mwaka 1922 huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kupigwa sindano ya insulini. Mbele ya hapo, watoto wa ugonjwa huo walikuwa wanakufa tu. Lakini dawa ilidai firigo. Katika kambi ya Dadaab, Kenya, wagonjwa walirudi hospitalini kila siku kwa sindano. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba insulini inadumu wiki 4 kwenye joto la digrii 25 hadi 37.

Kashebere haina joto la Dadaab. Ndugu unayekimbia, usiache chupa yako nyumbani. Iweke kivulini, hesabu siku, muulize muuguzi.