Mashimo ya Hyrax Hill

Hyrax Hill ni kilima cha mawe kilicho kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Nakuru, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Jina lake linatokana na pimbi, ambao zamani walijaa katika nyufa za miamba yake. Kileleni unaliona Ziwa Nakuru. Maelfu ya miaka iliyopita, ziwa hilo lilipokuwa kubwa zaidi, maji yake yalifika hadi chini ya kilima.

Kinachokipa kilima sifa ni mashimo ya mviringo yaliyochimbwa ubavuni. Upande wa kaskazini mashariki yako 13. Yameota nyasi, na mpita njia asiyeelezwa huyaona kama mibonyeo ya kawaida ya ardhi.

Louis Leakey aliyatambua mabaki ya kale mahali hapa mwaka 1926. Mkewe, Mary Leakey, ndiye aliyechimba mwaka 1937 na 1938. Alikuta makaburi ya wafugaji wa mwisho wa Zama za Mawe, watu waliokata kwa vipande vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkeno. Wanawake wao walizikwa pamoja na sahani za mawe. Vijiji vyenye mashimo vilikuja baadaye sana, katika Zama za Chuma.

Mary Leakey aliyachukulia mashimo hayo kuwa nyumba zilizochimbwa ardhini, na wengi walimfuata. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi, kwani shimo lenye mlango na ukingo wa mawe linafanana na makao. Lakini John Sutton, aliyechimba tena katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba shimo lilikuwa zizi. Wenyewe walichimba kwenye mteremko na kuacha mlango upande wa chini. Samadi na tope vilizolewa na kumwagwa nje ya mlango huo, na mwaka baada ya mwaka lundo likawa kichuguu kinachoonekana hadi leo. Nyumba ilijengwa pembeni, nje ya shimo, na mlango wake ulifunguka zizini, kwa hiyo mwizi wa mifugo hakuweza kuwafikia ng'ombe bila kupita mbele ya wenyewe.

Wafugaji hao wanajulikana kwa jina la Wasirikwa, jina lililohifadhiwa katika masimulizi ya Wakalenjin. Mashimo yao yametapakaa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, yakiwemo ya Uasin Gishu. Mtindo huo ulififia katika karne ya 18, Wamasai walipokuwa wametanda Bonde la Ufa, na wengi wa Wasirikwa inaelekea waliingia katika jamii za Kikalenjin.

Juu ya miamba pia kuna mabao yaliyochongwa, safu za vishimo vya kuchezea kete. Kilima kilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943. Nyumba ya shamba iliyokuwa chini yake iligeuzwa makumbusho, yakafunguliwa mwaka 1965.