Miaka 16 Baada ya Panya

Nikisoma historia ya kemikali, swali langu la kwanza ni hili: nani alijua, na alijua lini? Kisa cha DBCP kinajibu vizuri mno, na jibu lenyewe linauma.

DBCP ilikuwa dawa ya kuua minyoo wa udongoni wanaokula mizizi ya mazao. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la kisayansi kwamba korodani za panya waliovuta hewa yenye dawa hiyo zilisinyaa. Siri haikuwepo. Dawa ikaendelea kuuzwa tu.

Mwaka 1977, huko Lathrop, California, wafanyakazi wa kiwanda kilichoitengeneza wakaanza kuulizana: mbona wengi wetu hatupati watoto? Walipopimwa, baadhi walikuwa na mbegu chache mno, wengine hawana kabisa. Majaribio ya wanyama nayo yalishaihusisha na saratani. Hapo ndipo serikali ikaamka. Mwaka 1979 ilipiga marufuku karibu matumizi yote, ila mashamba ya mananasi Hawaii yakaachwa kwanza.

Mwaka 1986 wapiga kura wa California walipitisha sheria inayomtaka mfanyabiashara awaonye watu kabla hajawaweka karibu na kemikali za saratani au za kudhuru uzazi. Mwaka uliofuata DBCP ikaingia kwenye orodha.

Kuna wanaozicheka hizo karatasi za onyo, eti zimezagaa kila mahali. Sawa. Mimi nazipima kwa jambo moja: je, zinaifupisha ile miaka 16?