Programu Dhibiti: Neno, Mtambo na Saa 32,768

Kwenye vibanda vya mafundi wa simu vya Kisauni, Mombasa, kutoka Bombolulu hadi Mtopanga, kuna neno linalosikika kutwa. Mteja analeta simu iliyokwama: inawaka, inaonyesha nembo ya kampuni, inazima, inawaka tena. Fundi anaigeuza mara mbili, anabonyeza kitufe cha sauti na cha kuwashia kwa pamoja, anasoma maandishi madogo yanayojitokeza, kisha anatoa hukumu. "Hii yataka kuflashiwa, mama. Iwache hapa, uje alasiri." Anaiunga na kompyuta, mstari wa kijani unaanza kutambaa kwenye skrini, na kijana aliyeketi karibu anaonywa asiuguse waya. Waya ukichomoka katikati ya kazi, simu huenda isiwake tena maisha.

Kinachoandikwa upya pale mezani ndicho Waingereza hukiita firmware.

Neno hilo halina umri mkubwa. Ascher Opler alilitumia mwaka 1967 katika jarida la Datamation, akitafuta jina la maagizo yanayokaa katikati: hayashikiki kama chuma na nyaya, wala hayabadilishwi kila siku kama programu ya mishahara. Kigumu kilikwisha kuwa na jina, na laini vilevile. Opler akachukua neno la kati, lenye maana ya kitu kilichokaza kiasi. Leo maagizo hayo yamo ndani ya printa, kamera, ruta, mashine ya kufulia, na ndani ya kila diski inayohifadhi data.

Kiswahili kilipofika hapo kilikuwa na akiba yake. Kwa vifaa vyenyewe wataalamu walichukua maunzi, neno linalotokana na kuunda, kitenzi ambacho mtu wa pwani hukisikia kwanza kwa waunda majahazi. Kwa firmware, mtumiaji wa simu ya Android iliyowekwa Kiswahili hukutana na programu dhibiti. Tafsiri ya neno kwa neno ingeleta "programu imara", na ingepotosha vibaya, kwa sababu ingemwambia msomaji kwamba hiki ni kitu kilichokwisha kukamilika, hakina haja ya kutazamwa. Dhibiti inataja kazi: ndiyo inayoiamuru diski isome wapi, iandike wapi, na ifanye nini umeme ukikatika. Na aliyelichagua, kwa kujua au kwa kubahatika, hakuupoteza uimara wa Opler. Dhibiti na madhubuti ni ndugu. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu.

Neno la pili ni gumu zaidi, na ndilo linaloleta ubishi. Wahandisi hupenda kusema mtambo fulani ni "stable", na Kiswahili kinawalazimisha waseme wanamaanisha nini. Je, mtambo ni madhubuti, au ni shwari tu? Mvuvi wa Likoni hachanganyi mambo hayo mawili. Bahari shwari inampa habari za bahari. Kuhusu chombo chake haijamwambia kitu.

Ubishi wenyewe hutokea hasa upande wa Changamwe na Miritini, kwenye ofisi za kutoa mizigo bandarini, bohari za makontena, na kituo cha data cha iColo, kilichojengwa Miritini baada ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009. Popote penye biashara ya namna hiyo pana kabati la seva, na ndani yake mtambo wa hifadhi: sanduku zito lenye diski kumi na mbili au ishirini na nne zilizopangwa mbele kama droo, taa ndogo za kijani zikipepesa. Humo mna hati za forodha, hesabu za wateja, picha za kamera za lango. Mtambo umewaka miaka minne bila kuzimwa. Mtengenezaji ametoa toleo jipya la programu dhibiti. Kijana anauliza kama walisasishe, na mkubwa wake anamjibu kwa methali aliyokua nayo: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Jibu hilo lina ushahidi. Januari 2009, kampuni ya Seagate ilitoa toleo jipya la kutibu kasoro ya diski zake za Barracuda 7200.11, ambazo zilikuwa zikigoma ghafla. Wateja waliotii wakaisakinisha dawa, na baadhi ya diski za gigabaiti 500 zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zikafa kwa dawa hiyo hiyo. Kampuni ikabidi iliondoe toleo lake na kutoa jingine. Fundi aliyepitia siku kama zile hawezi kulaumiwa akiona mkono unasita juu ya kitufe.

Lakini kuna kisa kingine. Novemba 2019, kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba aina kadhaa za diski zake za SSD, zile zinazouzwa kwa ajili ya seva na mitambo ya hifadhi, zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwaka. Hiyo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Zikifa, diski na data iliyomo havirudi. Namba yenyewe inajulikana na kila mwandishi wa programu: ni 2 kwa kipeo cha 15. Hesabu inayotunzwa katika biti 16 zenye alama ya kujumlisha au kutoa hukomea 32,767. Ukiongeza moja, inaruka upande wa hasi. Tiba ilikuwa toleo la programu dhibiti lililoitwa HPD8. Machi 2020 likaja tangazo la pili, la diski nyingine ambazo zingefika mwisho kwenye saa 40,000.

Tuihesabu kwa kalenda ya hapa. Tarehe 31 Mei 2017 treni ya Madaraka Express ilizinduliwa kutoka stesheni mpya ya Miritini. Diski ya aina ile iliyowashwa siku hiyo hiyo, kwenye ofisi yoyote ya jirani, isiguswe, isizimwe hata dakika moja, ingefika saa yake tarehe 24 Februari 2021. Isingetoa dalili yoyote kabla. Na adhabu kubwa ingemwangukia aliyeitunza vizuri zaidi kwa umeme usiokatika, maana ndiye angefika wa kwanza.

Ubaya unazidi ukikumbuka jinsi mtambo wa hifadhi unavyojilinda. Mpango wa RAID hutawanya data kwenye diski nyingi ili moja au mbili zikifa, zilizobaki ziijenge upya. Hesabu zote za usalama huo zimesimama juu ya dhana kwamba diski hazifi pamoja. Diski zilizonunuliwa kwa risiti moja na kuwashwa kwa kidole kimoja zina umri mmoja hadi saa ile ile. Kasoro ya saa huzichukua zote kwa mkupuo, pamoja na zile za mtambo wa akiba ikiwa ulinunuliwa siku moja na mkuu.

Hapo ndipo Likoni inapokuwa mwalimu mzuri kuliko vitabu vingi. Kivuko chake cha feri hubeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku na hakina siku ya kufungwa. Hata hivyo feri hutengenezwa. MV Kwale ikipelekwa kukaguliwa, MV Likoni na MV Jambo zinabaki majini. Foleni inarefuka, abiria wanalalamika, lakini watu wanavuka. Mitambo mingi mikubwa ya hifadhi imeundwa kwa mantiki hiyo: ina vidhibiti viwili, na wakati wa kusasisha, kimoja hubeba kazi yote huku mwenzake akiandikwa upya na kuwashwa. Zoezi linafaulu ikiwa kimoja kinauweza mzigo wa wawili. Ofisi ambayo vidhibiti vyake vyote vinafanya kazi kwa asilimia sabini mchana ina feri mbili zilizojaa, na haina nafasi ya kuitoa hata moja. Kazi kama hiyo ni ya usiku wa Jumamosi.

Mahali chombo kinapopandishwa kutengenezwa huitwa chelezo. Neno hilo hilo hutumika pia kwa kitu kinachosaidia kuelea, na wataalamu wa kompyuta wamelichukua kwa nakala ya akiba ya data. Ni uchaguzi mzuri mno, na inasikitisha kwamba ofisini bado watu husema "bekapu". Kabla ya kugusa programu dhibiti, chelezo iwepo, na iwe imejaribiwa kwa kurudisha faili halisi, ifunguke, isomeke. Mambo mengine yanaweza kujadiliwa, hili halijadiliwi. Baadhi ya matoleo hayarudi nyuma: ukishapanda, huwezi kushuka kwenye lile la zamani.

Umeme nao una sauti yake. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani kwa saa nyingi. Zoezi likikatwa namna hiyo, yanayotokea ni yale ya simu na waya kule Kisauni, isipokuwa kilichomo ni hati za kampuni nzima. Betri za akiba zijae, jenereta iwe imejaribiwa wiki ile.

Na uamuzi wenyewe? Uko ndani ya karatasi ambayo wengi hawaifungui, maelezo ya toleo. Toleo linaloongeza rangi na michoro kwenye skrini ya usimamizi linaweza kungoja mwaka. Linaloziba tundu la kiusalama linategemea ni nani anayeweza kuufikia mtambo, na kama uko wazi kwa intaneti halingoji. Lililoandikwa "upotevu wa data" kwa aina ya diski ulizo nazo linapangiwa tarehe siku hiyo hiyo. Kwa yale yasiyo ya dharura, wiki chache za kusubiri wengine wajaribu hazina aibu. Wateja wa Seagate waliochelewa walinusurika.

Kila diski hujihesabia saa zake, kama mita ya maili kwenye matatu, na namba hiyo inasomeka kwenye skrini ya usimamizi bila kuzima kitu. Tuseme fundi wa Changamwe anaifungua leo, diski zake ni za aina iliyotajwa, toleo ni la kabla ya HPD8, na mstari unasoma saa 31,904. Zimebaki saa 864, yaani siku 36. Ndani yake zimo Jumamosi tano, na ya kwanza anaiandikia chelezo.