Mwaka Mmoja Katika Miaka 14

Historia ya dhahabu ya Geita na Kahama tumezoea kuisoma kwa tani na majina ya kampuni. Mimi siku hizi naisoma kwa tarakimu tatu za sensa. Mwaka 1978 Mtanzania alitarajiwa kuishi miaka 44. Mwaka 1988, miaka 50. Mwaka 2002, miaka 51. Yaani miaka kumi ya kwanza ilituongezea sita, na 14 iliyofuata ikatuongezea mmoja tu!

Hizo ni za nchi nzima, lakini kilichotokea kinaonekana vizuri zaidi machimboni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, jirani kabisa na Geita. Miaka ya 1990 wachimbaji wadogo wakamiminika Geita na Bulyanhulu: vijana walioacha wake nyumbani, hela ya leo inaliwa leo, vilabu na gesti kando ya maduara. Ugonjwa ulikuta njia imeshafunguliwa.

Watu wakisikia wastani wa miaka 50 hudhani kila mtu alikufa na 50. Wapi! Zamani wastani ulishushwa na watoto wadogo: surua, malaria, kuhara. Ukivuka miaka mitano, ulikuwa na nafasi nzuri ya kuona wajukuu. UKIMWI ulikuja kuchukua wenye nguvu, baba na mama wa miaka 30 na kitu, bibi akaachiwa wajukuu awalee upya. Kwa hiyo 51 ya 2002 inakaribiana na 50 ya 1988 kwenye karatasi tu. Ndani yake wamekufa watu wengine.

Na si kwamba watu walikaa wakitazama. Katika mkoa wa Mwanza, ambao Geita ilikuwa wilaya yake hadi 2012, watafiti waliboresha tiba ya kaswende, kisonono na magonjwa mengine ya zinaa kwenye zahanati za kawaida za vijijini. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, dunia ikayasoma. Kisha mwaka 2004 zikaanza kutolewa ARV bila malipo, na sensa ya 2012 ikakuta wastani umevuka 60.

Kinachonikera mimi ni vumbi. Mwamba wenye dhahabu ukipondwa kwenye karasha hutoa vumbi la silika, likiingia mapafuni halitoki. Mapafu hukakamaa taratibu, na kifua kikuu hupata pa kuingilia. Mchimbaji anameza dawa miezi sita, anapona, anarudi duarani kwa sababu shamba halimlipi. Anaugua tena. Akifa, ndugu watasema ni kifua. Cheti, kama kipo, kitaandika TB, na duara halitatajwa popote.