Mwana Kupona, Siti na Swali la Mwanafunzi

Nilifundisha fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari, kisha katika chuo cha ualimu, kwa miaka mingi. Kila nilipofika kwenye Utendi wa Mwana Kupona nilikuwa na somo langu tayari ubaoni: dhamira kuu, utii wa mke kwa mumewe. Siku moja mwanachuo wa kike alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mama huyu alipotunga alikuwa na mume?" Nilimjibu kwamba jambo hilo halitaulizwa katika mtihani, nikaendelea na vina na mizani. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Mume hakuwa naye. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliompinga kwa silaha Seyyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utendi ulitungwa mwaka 1858, sawa na 1275 wa Hijria, na mtungaji mwenyewe ameitia tarehe hiyo ndani ya beti zake, pamoja na hesabu ya beti, mia moja na mbili. Alikuwa mjane, na maradhi yalikuwa yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Anamwita bintiye aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa ana neno moyoni. Basi tunachokisoma ni wasia wa mama anayeona kwamba huenda hatapona, kwa binti ambaye baba yake amekwisha kufa na ambaye ukoo wake una maadui wenye nguvu.

Ukiyajua hayo, nasaha zinabadilika uzito. Mama anaanza na dini, anafuata na adabu na ukweli wa ulimi. Kisha anataja radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Hapo ndipo sisi walimu tulipopiga kambi. Tulisahau kuuliza binti yatima angepata wapi kinga nyingine katika Siyu ya wakati ule. Tulisahau pia kwamba sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni dua ya mgonjwa anayejiombea na kuwaombea wanawe na ndugu zake.

Kosa hili halikuanzia darasani kwetu. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Jina hilo lilikuwa miwani, na vizazi vya wasomaji wameivaa bila kujua. Mwaka 1991 mhakiki Ann Biersteker aliivua. Alionesha kwamba utendi unaweza kusomwa kuwa na kejeli ndani yake, na kwamba mwanamke anayefundishwa kumtunza mume kama mtoto asiyejua kusema anafundishwa pia nani mwenye akili katika nyumba ile. Si lazima tukubaliane naye kwa kila ubeti. Mimi mwenyewe nausikia upendo wa kweli pale mama anaposimulia maisha yake na marehemu. Lakini tangu nisome hoja yake, sikuweza tena kuandika neno "utii" ubaoni nikaondoka.

Hata hivyo, usomaji wa kifeministi ukiishia hapo utakuwa umefanya nusu ya kazi. Ndani ya utendi huohuo mama anamwonya bintiye asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, kwani watamtia aibuni. Mwana Kupona alijua kusoma na kuandika. Alikuwa na wino, karatasi, na mtu wa kumtuma. Mwanamke aliyeleta wino ule, au aliyechota maji ya nyumba ile, hakuachiwa karatasi. Yeye naye alikuwa na wasia kwa bintiye. Nani aliuandika?

Kwa swali hili nakuomba, msomaji, tushuke pwani hadi Fumba, Unguja. Huko, yapata mwaka 1880, alizaliwa Siti binti Saad, mtoto wa wazazi waliotoka katika utumwa, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Alijua ufinyanzi na aliuza vyungu. Mnamo 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, nayo ikasikika kila penye gramafoni katika pwani yetu. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni, mshitakiwa aliyetoroka, na mashahidi waliokuja kusema waliyoyajua wakaishia wao kufungwa. Hiyo ni historia ya mahakama za kikoloni ambayo hakimu asingeiandika hivyo.

Siti hakuacha kitabu. Nyimbo nyingi zilitungwa kwa ushirikiano na wanaume wa kundi lake, na maisha yake tunayasoma kwa kalamu ya Shaaban Robert, katika wasifu uliochapishwa 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Ni kitabu chenye heshima kubwa kwake. Lakini ni mwanamume anayesimulia, akichagua kipi kitukuzwe. Wanahabari wanawake wa Tanzania, walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti. Walielewa kwamba sauti ile ilikuwa bado inahitaji ukurasa.

Katika mitaala niliyoifundisha, Mwana Kupona alikuwa "ushairi" na Siti alikuwa "burudani". Sasa naona kwamba mgawanyo ule haukutokana na ubora wa tungo. Ulitokana na nani alikuwa na wino. Tuwasome wawili hawa pamoja: mmoja aliyefunga mlango wa jikoni, na mwingine aliyeimba kutoka upande wa pili wa mlango huohuo.

Kwa washairi wenzangu nina ombi moja. Kama bibi yako anakumbuka wimbo wa unyago, wa harusi au wa kubembeleza mtoto, uandike leo, na juu yake uandike jina la aliyeutunga. Na kwa mwanachuo yule, ambaye sasa huenda ni mwalimu mkuu mahali fulani: swali lako lilistahili kuwa la kwanza kwenye mtihani.